Mwombaji Asiye na Jina

Wengine wote walikuwa wamemtakia kila la heri. Kampuni zilizomkataa mwaka jana zilimtakia kila la heri, na wale waliomwita kwenye usaili wakamweka kwenye benchi mpaka miguu ikamfa ganzi, nao pia walimtakia kila la heri. Ujumbe wa leo haukumtakia kitu. Ulisema wakala wa ajira hataendelea na maombi yake, sasa wala siku za usoni, ukaishia hapo.

Msomi aliusoma akiwa amesimama kwenye saluni ya mama yake, taulo begani, maji ya kuoshea nywele yakimchuruzika kwenye viwiko. Mtaa mzima ulimwita Msomi tangu aliporudi na shahada ya uzamili ya kompyuta. Mwanzoni jina lilikuwa la heshima, siku hizi lilikuwa la kicheko. Rimoti ikigoma, wanamletea. Simu ikijaa picha, wanamletea. "Si ndiyo uliyosomea haya?" Akijieleza kwamba yeye alisomea kuunda programu, wanamtazama kwa huruma, kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na kikapu kitupu.

"Wamejibu?" mama yake aliuliza bila kugeuka, vidole vikiwa ndani ya nywele za mteja.

"Bado, mama."

Ulimtoka tu, uongo wenyewe. Alihitaji dakika chache za kuvumilia peke yake kabla ya kumwangusha na mama. Maana hii ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho kuomba, walikwisha kubaliana. Angeipata, mama angewapokea wazee wa mchumba wake na posa ingeletwa bila kipingamizi. Angeikosa, kesho asubuhi baba mkubwa angepitia na gari lake amchukue, akakae kwake mji wa mbali na kusimamia duka lake la vifaa vya ujenzi, na habari za mchumba ziishe.

Mama yake hakuwa mkatili. Aliolewa akiwa binti asiye na lake, akaachwa akiwa mama asiye na lake, na saluni hii aliianzisha kwa kusuka watu barazani kwa jirani. "Simtoi mtoto wangu mikono mitupu," alikuwa akisema. "Aende na kazi yake. Siku akichokwa, asirudi kwangu kuniomba sabuni." Hata huyo mchumba hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita Injinia, tena kwa kuvuta lile neno mpaka likachanika.

Naye Injinia ndiye huyo aliyekuwa anaingia sasa, mfuko wa machungwa mkononi, meno yote nje.

Moyo wa Msomi ulimruka jinsi ulivyozoea kuruka, hata leo. Ule mwendo wake wa kuinamisha kichwa mlangoni ilhali mlango ulikuwa mrefu kumzidi. Yale macho yaliyomtafuta yeye kwanza, yakampata, yakatulia. Alitamani waondoke wote mle ndani, mama, wateja, mashine za kukaushia nywele, abaki yeye na bega lile alilalie alie mpaka achoke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Injinia. Naona umepata mshahara."

"Nimepata furaha tu, mama."

"Haya, nenda nayo huko nyuma. Mlango uwe wazi."

Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa stoo, ofisi na chumba cha kulala cha Msomi. Kompyuta yake ilikaa kwenye kimeza kati ya makopo ya mafuta ya nywele na rundo la taulo. Alijikalisha kitandani, akaanza kukunja taulo moja baada ya nyingine. Alikuwa amejiandaa kumwambia. Alikuwa hata na sentensi yenyewe. Lakini Injinia, ambaye kwa kawaida husemeshwa ndipo aseme, leo alikuwa anafoka kama birika.

"Leo nikuchekeshe. Nimekamata mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Wa kichwa changu!" Akavuta kiti, akakikalia kinyume. "Mkuu wa kitengo kaanza kuniamini, si nilikwambia? Juzi kanipa majaribio ya waombaji kazi niyasahihishe. Yanakuja bila majina. Wakala anayafuta, anabakiza namba, ili tusipendelee ndugu zetu. Sasa jaribio lenyewe ni kuunda programu ya kupanga miadi ya wagonjwa zahanati."

Taulo likasimama hewani.

"Miadi ya wagonjwa," Msomi alirudia.

"Eh. Nasahihisha, takataka, takataka, hii afadhali, hii takataka. Mara nafika kwenye moja, nasema, mbona hii naijua? Sikufichi, ilikuwa nzuri. Ilizishinda zote. Lakini ilikuwa yangu!"

"Yako kivipi?"

"Sikiliza. Juu kabisa, kabla hajaanza programu, ameandika kwa maneno ya kawaida kila kitakachoweza kuharibika. Mgonjwa akija siku isiyo yake. Umeme ukikatika katikati. Madaktari wawili wakiwa na jina moja. Halafu huko chini anayajibu moja moja, kwa mpangilio uleule. Nani anaandika hivyo? Mimi! Na bado. Vile vijisehemu vidogovidogo vya ndani kavipa majina ya jikoni. Kijiko. Sufuria. Chujio." Alicheka mpaka akapiga paja. "Chujio, jamani! Mtu kaingia mtandaoni, pale ninapoweka kazi zangu watu wazione, kakopi staili nzima, hata aibu hana."

Mbele, mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma. Msomi alishukuru kelele ile, kwa sababu pumzi ilikuwa inamtoka kwa sauti.

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Nikaandika, kazi ya wizi. Nikaambatanisha yangu, wakaziweka pamoja, mkuu akashangaa. Akanisifu mbele ya watu! Wakala kaambiwa, na unajua kampuni zote kubwa zinapitia kwa wakala huyohuyo. Kwa hiyo yule bwana, kwisha habari yake."

"Bwana."

"Au bibi. Nitajuaje? Jina limefutwa."

Msomi aliliweka taulo chini. Alimtazama mtu huyu aliyempenda tangu wakiwa darasani, akamtazama kwa makini, kila kitu chake, ule mkunjo kwenye kona ya jicho unaotokea akiwa na furaha. Alijua kwamba akifungua kinywa mkunjo ule utaondoka, na akawaza kidogo, kwa mapenzi tu, amwachie.

"Chujio ulilitoa wapi?" aliuliza.

"Chujio gani?"

"Hilo neno. Kuiita ile sehemu chujio. Ulilitoa wapi?"

"Mimi huwa nai..."

"Tulikuwa maktaba," Msomi alisema, sauti chini kwa sababu mlango ulikuwa wazi. "Njaa ilikuwa inaniuma, nikasema leo kila kitu nakipa jina la jikoni. Ukanicheka. Ukasema profesa atatufukuza. Halafu ukafeli lile somo, nikakaa na wewe likizo nzima. Nikakwambia kabla hujajenga andika kitakachobomoka. Ukaninunia kabisa, ukasema hizo ni mbwembwe za wanawake. Umekumbuka?"

Mkunjo ulikuwa umeondoka.

"Wewe..." alisema Injinia. "Wewe hukuomba. Ungeniambia."

Msomi akampa simu. Aliusoma ule ujumbe, akaurudia, kisha akabaki ameishika kama kitu cha moto ambacho hakuna mahali pa kukitua.

"Sasa wala siku za usoni," Msomi alisema. "Nilikuwa najiuliza nimewakosea nini."

"Mungu wangu."

"Punguza sauti."

"Kwa nini hukuniambia? Wewe mwanamke, kwa nini hukuniambia? Ningejitoa! Ningemwambia mkuu mchumba wangu yumo, mpe mwingine asahihishe!"

"Ili mama aseme nimeingia kwa mgongo wako? Mtaa mzima useme nimebebwa? Niliposoma kwamba majina yanafutwa nilifurahi, unajua? Nilicheka peke yangu humu ndani. Nikasema hapa ndipo pangu, hapa wataiona kazi, hawataniona mimi."

"Waliiona," Injinia alisema. "Niliiona. Ilikuwa nzuri kuliko zote."

"Na ilipokuwa nzuri ukajua ni yako."

Hilo lilimwingia. Alifunika uso kwa viganja. Msomi hakuwa amekusudia kumchoma hivyo, au labda alikusudia. Hasira ilikuwa inampanda na huruma inampanda, hakujua aimeze ipi.

"Ungejiuliza tu," alisema. "Hata kidogo. Ungesema, duniani humu ni nani mwingine anaweza kuita chujio chujio? Mara moja tu ungenifikiria mimi."

"Nakufikiria kila saa."

"Najua. Ukiwa barabarani. Ukiwa unakula. Ukiona kazi nzuri, hunifikirii."

Huko mbele mama alikuwa anacheka na mteja juu ya mwanamume fulani aliyepaka nywele rangi. Injinia aliinuka, akatembea hatua zilizoruhusiwa na kile chumba, akarudi.

"Jumatatu nakwenda kwa mkuu. Namweleza ukweli wote. Wanafuta walichoandika, na wakala anapigiwa simu. Mambo yanakwisha."

Alilisema kwa nguvu, na Msomi aliona anaamini. Kwa muda mfupi naye akaamini. Kisha ile akili yake, ile ya kuandika kitakachobomoka, ikaanza kazi bila kuombwa.

"Haya," alisema. Alikaa wima, akakunja mikono kifuani. "Mimi ndiye mkuu. Karibu, kijana. Una shida gani?"

"Acha utani."

"Sitanii. Sema nisikie."

"Mkuu, lile jaribio nililosema limeibwa. Halikuibwa."

"Umejuaje?"

"Namfahamu aliyeliandika."

"Nani?"

"Mchumba wangu."

"Ahaa. Na ulijua kwamba anaomba kazi hapa?"

"Sikujua."

"Mchumba wako anaomba kazi mahali unapofanyia kazi, na wewe hujui."

"Alinificha. Alitaka aingie kwa uwezo wake."

"Vizuri sana. Na huo uwezo wake unafanana na kazi yako kama mapacha. Kijana, niambie tu ukweli, sitakasirika. Ulimwandikia wewe?"

"Hapana! Yeye ndiye aliyenifundisha mimi! Mimi ndiye niliyechukua kwake!"

"Punguza sauti. Hizo kazi zilizoko mtandaoni zina jina la nani?"

Injinia alimtazama.

"Nimekuuliza, kijana. Jina la nani?"

"Langu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na ndizo ulizotuonyesha ulipokuja kuomba kazi? Ndizo zilizotufanya tukuchukue?"

Msomi alifungua mikono, akaacha kuwa mkuu. Ghafla alihisi amechoka, uchovu wa mtu aliyetembea mbali akakuta ofisi imefungwa.

"Unaona? Ukisema hukuniandikia, hawakuamini. Ukisema mimi ndiye niliyekufundisha, wanakuuliza hizo kazi ni za nani. Tutakosa kazi wote wawili."

"Nilikwambia nitaongeza jina lako," alisema taratibu. "Kompyuta yako ilikuwa imekufa, tukaandika kila kitu kwenye yangu. Nilikwambia nitaongeza."

"Ulisema."

"Nikasahau. Haki ya Mungu, nilisahau."

"Na mimi sikukukumbusha. Nilisema tutaoana, mambo ya jina langu na jina lako ya nini?"

Injinia alipiga magoti sakafuni mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa na joto, ya Msomi ilikuwa bado na ubaridi wa maji. Alimwambia atafanya chochote. Ataacha kazi. Watakwenda mji mwingine ambako huyo wakala hajulikani, wataanza upya, watafungua kakampuni kao wenyewe hata kwenye chumba kama hiki. Alisema mengi, na yote yalikuwa mazuri, na Msomi alimsikiliza akipapasa nywele zake kwa kidole kimoja, jinsi mtu anavyopapasa kitambaa kizuri dukani akijua hatakinunua.

"Usiache kazi," alimwambia. "Ukiacha na wewe, tutakula upendo?"

"Basi nifanye nini? Niambie. Wewe ndiye mwenye kichwa, siku zote ni wewe. Niambie nifanye nini."

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho angeweza kufanya, na Msomi hakutaka kumwambia. Alitaka akione mwenyewe.

Pazia lilisogea. Mama aliingia akifuta mikono kwenye aproni, na Injinia akainuka haraka, akajifuta magoti.

"Mbona mmenyamaza ghafla? Mlango nilisema uwe wazi, sikusema mnong'one." Kisha akauona uso wa binti yake. Uso wake mwenyewe ukabadilika, ile mizaha yote ikamtoka. "Wamejibu."

"Wamejibu, mama."

"Wamekataa."

"Wamekataa."

Mama alikaa kando yake kitandani. Hakusema nilikwambia. Alimvuta kichwa, akakilaza begani kwake, pale penye harufu ya mafuta ya nywele tangu Msomi akiwa mtoto, na akawa anampigapiga mgongoni kama anayembembeleza mtoto acheue.

"Pole, mama yangu. Pole sana. Sababu wametoa?"

Msomi aliinua macho akamtazama Injinia. Hakukonyeza, hakutikisa kichwa. Alimtazama tu, na akangoja. Mkuu wa kitengo hakuwemo humu. Wala wakala. Kulikuwa na mama mmoja tu aliyeamini kwamba mtoto wake hajui kitu, na maneno machache yangetosha. Mama, kosa ni langu. Asingepoteza kazi kwa kuyasema. Angepoteza sura tu, mbele ya mwanamke mmoja mwenye aproni.

Injinia aliangalia makopo ya mafuta.

"Wamesema jaribio langu halikufikia kiwango," Msomi alisema.

"Halikufikia?" Mama aliguna, akamgeukia kijana. "Injinia, wewe ndiye unayezijua kazi hizi. Hivi kweli ni ngumu kiasi hicho? Mtoto amesoma mpaka macho yameingia ndani."

Msomi alisubiri tena. Alimpenda kiasi cha kusubiri mara ya pili.

"Ni ngumu, mama," alisema Injinia.

"Na wewe uliweza."

"Ni Mungu tu."

"Basi nashukuru. Mimi nilikuwa nakuona hivi hivi, nisamehe. Leo ndiyo nimejua. Angalau mmoja wenu ana kichwa cha kazi, mwanangu."

Mwanangu. Injinia alikuwa ameisubiri siku hii tangu aanze kuinamisha kichwa kwenye ule mlango. Msomi aliona neno lilivyomwingia, akaona masikio yanavyomwiva kwa haya na kwa raha pamoja, na akaona midomo inafunguka.

"Ahsante, mama," alisema Injinia.

Na hapo ndipo Injinia alipomkosa. Siyo kwenye ule ujumbe wala kwenye lile jaribio. Hayo Msomi angeyabeba, angelia mwaka mzima na bado angembeba na yeye juu yake. Alikuwa tayari kumsamehe kwa kumwita mwizi alipokuwa hamjui. Lakini sasa anamjua, anamwona mbele yake, na anapokea sifa zilizo za Msomi kwa mikono miwili.

Msomi alijitoa taratibu kwenye bega la mama.

"Mama, mpigie baba mkubwa. Mwambie asubuhi atanikuta tayari."

"Si lazima iwe kesho, mwanangu. Upumzike kwanza."

"Iwe kesho."

"Msomi," Injinia aliita. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na maji yale hayakuwa ya uongo, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Basi asubuhi nitakuja nikusindikize."

"Usije."

Mama aliwatazama kwa zamu, haelewi. "Jamani, we mtoto, mwache aje akuage. Ana kosa gani huyu?"

"Hana kosa, mama," alisema Msomi. "Asije tu."